Siasa zikikugharimu kazi: mwongozo kamili wa mfanyakazi wa Tanzania Bara

Kila msimu wa uchaguzi mambo yaleyale hujirudia makazini. Orodha ya michango inapitishwa mezani. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kunatumwa ujumbe kwamba kesho wote wafike mkutanoni na fulana za rangi fulani. Mkataba wa mtu ambaye mwezi uliopita alisifiwa kwa uchapakazi ghafla hauongezwi, na kila mmoja anajua alionekana kwenye jukwaa gani.

Wengi wakipatwa na haya hukimbilia kwa diwani, kwa mwandishi wa habari au mtandaoni. Ushauri wangu ni kulichukua kama jambo la ajira tangu siku ya kwanza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA kama tulivyozoea kuiita, haipimi sera za chama chako. Mtu akifukuzwa, inachotaka kujua ni kama mwajiri alikuwa na sababu halali na kama alifuata utaratibu. Mzigo wa kuthibitisha hayo mawili sheria imemtwisha mwajiri. Ukigeuza shauri lako kuwa la siasa, unamtua mzigo huo na kujibebesha wewe.

Sheria ipi inakuhusu

Sheria kuu hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na vyombo vyake vya kushughulikia migogoro. Wanajeshi wa JWTZ, polisi, magereza na JKT hawamo kabisa.

Mtumishi wa umma anatakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya utumishi, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa sheria za kazi. Wapo walioshinda CMA, kisha Mahakama Kuu ikafuta kila kitu kwa sababu hii moja. Ikiwa umeajiriwa na halmashauri, wizara au taasisi ya serikali, usifungue chochote CMA kabla hujapata jibu la wazi kuhusu hili. Hatua zilizobaki hapa zinamlenga zaidi wa sekta binafsi, mashirika na asasi, ingawa suala la kutunza ushahidi linamhusu kila mtu.

Kipi kimekatazwa, na kipi ni haki ya mwajiri

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kuzunguka, na maoni ya kisiasa yametajwa humo pamoja na dini, kabila, jinsia, ujauzito na mengineyo. Watu hufikiri ubaguzi ni kufukuzwa tu. Kifungu hicho kinagusa pia kuajiri, kupangiwa kazi, mafunzo, kupandishwa cheo, kuhamishwa, kushushwa na hatua za nidhamu. Mwombaji wa kazi naye analindwa. Kumbughudhi mtu kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa pia kunahesabiwa kuwa ubaguzi, hata kama mshahara wake haujaguswa. Juu ya hayo kuna Katiba: ibara ya 13(5) inataja maoni ya kisiasa inapoeleza maana ya kubagua, na ibara ya 20(4) inapiga marufuku kumlazimisha mtu kujiunga na chama.

Kifungu cha 37 nacho kinasema wazi kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu za kibaguzi si halali. Vilevile kumwachisha kwa sababu alikataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana mamlaka ya kisheria kumtaka alifanye. Sehemu hiyo ya pili hupitwa na wengi, kumbe ndiyo inayomfaa aliyekataa kubandika mabango saa za kazi au kusaini karatasi ya mchango.

Michango ya kampeni inahitaji maelezo zaidi. Kifungu cha 28 kinazuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa makato yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja (kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi), amri ya mahakama au tuzo (yaani uamuzi wa mwamuzi wa mgogoro), au wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi kulipa deni. Mchango wa kampeni si deni. Kwa hiyo hata ile fomu ya "nakubali kwa hiari yangu" iliyosainiwa meneja akiwa amesimama pembeni haiyafanyi makato yawe halali. Mfanyakazi anayetaka kumchangia mgombea alipwe mshahara wake kamili, kisha atoe mfukoni mwake.

Kuna na upande wa pili wa hela hiyo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, iliyo chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa, inawataka wagombea na vyama kueleza fedha za kampeni zimetoka wapi. Hela iliyokatwa kwa watumishi arobaini ikapelekwa kwa mgombea kwa jina la kampuni imeficha wachangiaji halisi. Mwajiri akikwambia huo ni utaratibu wa kawaida, muulize hela imeandikwa wapi na kwa jina la nani. Ni nadra swali hilo kupata jibu la haraka.

Lakini mwajiri naye ana haki zake. Anaruhusiwa kupiga marufuku kampeni saa za kazi, fulana za vyama ofisini, kutumia gari au mashine ya kuchapia ya kampuni kwa shughuli za chama, au kuzungumza jukwaani kwa jina la kampuni. Ukiadhibiwa kwa kosa hilo, kusema "ni siasa" hakutakuokoa. Kinachobadilisha mambo ni marufuku kumgusa mmoja na kumwacha mwingine. Bendera ya kijani ikikaa ukutani mwezi mzima na nyeupe ikaletewa barua ya onyo siku hiyohiyo, au kinyume chake, hapo una hoja. Pia ukiajiriwa na chama chenyewe usitegemee sana kifungu cha 7, kwa sababu sheria inaruhusu vigezo vinavyotokana na asili ya kazi.

Ukiwa bado kazini: jenga faili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi ni mali. Nunua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijaanza kujaziwa na hasira. Mkataba wako, slipu za mshahara, barua za pongezi na tathmini za utendaji weka nakala nyumbani. Mtu akishafungiwa geti hawezi tena kuingia kwenye kompyuta ya ofisi.

Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila utaulizwa kama ni halisi. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji na tarehe, na ujumbe wenyewe usiufute kwenye simu. Usiuze simu hiyo. Wala usiisambaze picha hiyo kwenye makundi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwajiri anayetafuta sababu ya kukufukuza atafurahi ukimpa moja iliyo halali.

Nyaraka za siri za kampuni usizibebe kiholela. Chukua zinazokuhusu wewe.

Kisha jibu kwa maandishi. Hatua hii huogopwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inaweka tarehe ya malalamiko yako kabla ya adhabu kuja. Kwa mfano wa makato, barua pepe fupi inatosha:

"Ndugu Meneja, narejea makato ya Sh 20,000 kwenye mshahara wangu wa mwezi uliopita. Sikuridhia makato hayo na sidaiwi na kampuni. Naomba nirejeshewe pamoja na mshahara ujao, na nijulishwe kwa maandishi yamefanyika kwa mujibu wa sheria ipi. Wako katika kazi."

Humo hamna jina la chama wala la mgombea. Mwache mwajiri ndiye ataje siasa katika majibu yake.

Vyombo vingine vya kupeleka taarifa

Kama anayekushinikiza ni kiongozi wa umma, tuseme mkuu wa wilaya anayempigia simu bosi wako, malalamiko yanaweza kwenda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Imetajwa katika ibara ya 132 ya Katiba na inafanya kazi chini ya sheria ya 1995, ileile inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni wanapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na wanapoondoka. Ina ofisi za kanda, na mashauri husikilizwa na Baraza la Maadili. Dokezo la hongo au ajira zinazotolewa kwa ajili ya kura ni la TAKUKURU, namba 113. Suala la fedha za kampeni liende kwa Msajili. Anayetoa taarifa kwa nia njema analindwa na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ikiwamo dhidi ya kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo.

Hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi kinachosimamisha siku zako za kwenda CMA, nitakazozitaja chini. Hata ukiwa umepeleka malalamiko kote huko, kalenda inatembea.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu

Mara chache mwajiri huandika "tunakufukuza kwa sababu ya chama chako." Utasoma utovu wa nidhamu, kuchelewa, utendaji duni au kupunguza wafanyakazi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinakupa haki ya kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa, kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukipokea barua ya wito, andika kwenye nakala ya mwajiri "nimepokea", tarehe na saa. Ikiwa wito umekuja jioni na kikao ni kesho asubuhi, omba muda kwa maandishi, kisha hudhuria hata ukikataliwa. Kususa kikao ni kumpa mwajiri nafasi ya kusema ulipewa haki ukaikataa.

Ndani ya kikao jibu tuhuma yenyewe kwanza. Umeshtakiwa kuchelewa? Leta daftari la mahudhurio, kisha uliza ni nani wengine walichelewa mwezi huo na walichukuliwa hatua gani. Jibu lolote atakalotoa, omba liandikwe kwenye muhtasari.

Ukiambiwa ni upunguzaji wa wafanyakazi, kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nanyi kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza upunguzaji huo na vigezo vya kuchagua wa kuondoka. "Upunguzaji" wa mtu mmoja, uliofanyika wiki moja baada ya mkutano wa hadhara, bila kikao hata kimoja, una matundu mengi.

Usijiuzulu kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuondoka kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, na hilo huhesabiwa kuwa ameachishwa. Ila ukishaandika barua ya kujiuzulu, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwanza kwamba ulisukumwa. Na barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa na afisa utumishi, ikisubiri saini yako tu, usiisaini.

Barua imetoka: siku 30

Shauri la kuachishwa kazi lazima lifike CMA ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha kukuachisha. Migogoro mingine, kama makato au ubaguzi ukiwa bado kazini, ina siku 60 tangu ilipotokea. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo.

Mtego mkubwa uko kwenye rufaa ya ndani. Mtu anakata rufaa kwa mkurugenzi, anaambiwa asubiri, anasubiri miezi miwili. Kata rufaa hiyo kama kanuni za kampuni zinairuhusu, lakini hesabu siku zako tangu tarehe ya barua ya kwanza na uwe CMA kabla ya siku ya 30, jibu liwe limekuja au halijaja. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi za kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa nafuatilia kwa mheshimiwa mbunge" si sababu.

Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita hana nafasi ya kudai kuachishwa isivyo halali, kwa mujibu wa kifungu cha 35. Mlango wa ubaguzi wa kifungu cha 7 bado uko wazi kwake, na kwa mfanyakazi mpya aliyeondolewa kwa siasa huo ndio wa kuupitia.

Kujaza Fomu Namba 1

Huduma ya CMA ni bure. Nenda ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea, si ya mkoa uliohamia baada ya kufukuzwa. Chukua fomu ya CMA Namba 1, ijaze na kuisaini, mpelekee mwajiri nakala ukiwa na uthibitisho wa kupokea, ndipo uiwasilishe Tume. Bila uthibitisho kwamba mlalamikiwa amepewa nakala, shauri halitasogea.

Andika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba au usajili wa kampuni, si lile la kwenye bango la dukani. Tuzo dhidi ya jina lisilokuwepo kisheria haikaziki, yaani haiwezi kutekelezwa.

Chagua aina ya mgogoro kwa makini, na kama umeachishwa jaza pia Sehemu B, inayohusu sababu na utaratibu. Usichokidai kwenye fomu hii ni vigumu kukileta baadaye. Eleza kwa ufupi: sababu iliyoandikwa kwenye barua si ya kweli, utaratibu ulikiukwa hivi na hivi, na kuachishwa kulifuata tukio fulani la tarehe fulani. Fomu si mahali pa hotuba.

Kwenye unachodai, tofautisha stahiki na fidia. Stahiki ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, malipo ya notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ni mbali na kituo cha kazi, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo kipo kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki hugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 26. Mwenye Sh 520,000 anapata Sh 20,000 kwa siku, na kwa miaka minane kiinua mgongo chake ni Sh 1,120,000. Fidia ya kuachishwa isivyo halali huja juu ya hapo, au unaweza kuomba kurudishwa kazini.

Usuluhishi

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Unaweza kwenda mwenyewe, au na wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au mwakilishi binafsi unayemwamini. Usipotokea, malalamiko yanaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuyaamua bila yeye.

Yanayosemwa kwenye chumba hicho ni ya faragha, hayatumiki dhidi yako baadaye, kwa hiyo zungumza hesabu bila woga. Si chumba cha kumsikia bosi akikiri kwamba alikuonea kwa siasa, na anayekwenda akitaka hilo hurudi mikono mitupu. Mkikubaliana, hakikisha maandishi yanataja kiasi, tarehe ya kulipa na siku ya kukabidhiwa cheti. Makubaliano yaliyosainiwa yanafunga pande zote, hivyo usisaini neno "madai yote yamekwisha" kabla hujajua madai yote ni yapi.

Uamuzi

Usuluhishi ukishindikana unapewa cheti cha kushindikana, na shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza kama mahakama: kiapo, mashahidi, vielelezo, maswali ya kudodosa. Katika mashauri ya kuachishwa kwa kawaida mwajiri ndiye huanza, kwa kuwa ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha.

Hapa ndipo faili lako linafanya kazi. Kwa dai la ubaguzi unatakiwa uonyeshe kwanza dalili za kutosha, kisha mwajiri ndiye athibitishe kwamba haukutokea au haukutokana na maoni ya kisiasa. Dalili nzuri mara nyingi ni mpangilio wa tarehe: tathmini nzuri Machi, ujumbe wa kuwataka mchange Agosti, barua pepe yako ya kukataa wiki iliyofuata, tuhuma ya kwanza maishani mwako Septemba. Ziandike kwenye ukurasa mmoja na uwe na kielelezo kwa kila tarehe. Shahidi mmoja aliyekuwa kwenye kikao anazidi watano waliosimuliwa.

Unapomhoji shahidi wa mwajiri, uliza maswali mafupi: nani mwingine alifanya kosa hili, alipewa adhabu gani, uchunguzi ulifanyika lini, nani aliuandika. Ukianza kubishana naye kuhusu mgombea, umetoka kwenye njia.

Tuzo na kukazia

Mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo yenye sababu ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kusikiliza. Asiyeridhika ana wiki sita tangu alipopewa tuzo kuomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mshindi asipolipwa anaipeleka tuzo hukohuko ikakaziwe kama hukumu ya mahakama.

Mwajiri akikwambia "tumeenda Mahakama Kuu, subiri", muombe amri ya kusimamisha utekelezaji. Sheria inaipa Mahakama uwezo wa kusimamisha tuzo wakati marejeo yanasubiri, lakini kuwasilisha maombi ya marejeo peke yake si amri hiyo. Asipokuonyesha, endelea na maombi yako ya kukazia.